Nusu Milimita ya Baba

Mzee wa Kibuta aliingia karakanani na kiroba begani, akakishusha mezani kwa kishindo, akatoa shafti, mhimili wa mashine yake ya kusagia mihogo, aliyoichukua kwetu wiki mbili kabla. Akamtazama baba yangu kuanzia kofia hadi kandambili.

"Mnyamwezi," akasema, "nilikuagiza shafti. Umenipa gunzi la mahindi."

"Gunzi kwa Mzaramo ni zawadi," baba akamjibu. "Kwenu mmezoea mihogo tu."

"Hiyo mihogo yenyewe sisagi. Beringi inacheza ngoma mule ndani. Mikono ya upagazi hiyo, nani alikudanganya inaweza kukereza chuma?"

Wakacheka, kila mmoja akitaka kumshinda mwenzake kwa sauti. Sisi ni Wanyamwezi tuliohamia Kibaha, yule mzee ni Mzaramo wa Kibuta, Kisarawe, na utani kati ya makabila hayo mawili ni mkubwa kiasi kwamba mtu anaweza kukutukana mbele ya mkweo na bado ukalazimika kumpa kiti. Mimi sikucheka. Nilichukua ile shafti nikaenda nayo mlangoni penye mwanga, nikapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya sehemu inayokaliwa na beringi. Kulikuwa na vilima vidogo vidogo, kimoja baada ya kingine, kama meno ya kitana. Beringi ilikuwa imekalia vilele vya vilima hivyo, vikasagika, ikabaki inaogelea. Mashine ya mihogo ya yule mzee ilikuwa imesimama kwa sababu hiyo tu.

Shafti ile baba ndiye aliyeimalizia. Na kabla hajaitoa kwenye mashine yetu ya kukerezea nilimwona kwa macho yangu akipitisha ukucha juu yake, akaitikia kwa kichwa, akasema maneno yake ya siku zote: "Hapa pako sawa."

Hapo ndipo nilipojua kwamba mkono wa baba haukuwa unasikia kitu.

Baba alikuja Kibaha akiwa kijana kutoka Tabora, akafanya kazi ya kukereza vyuma kiwandani mpaka kiwanda kikafungwa. Wenzake walidai viinua mgongo vyao miaka na miaka. Yeye alichukua mashine moja kuukuu badala ya chake, akaisimika kwenye banda la mabati nyuma ya maduka, si mbali na barabara ya Morogoro. Nyumbani kwetu ni Pangani, hii ya Kibaha, ambako mama ana kuku na bustani, na ambako mgeni akisikia jina lazima aulize bahari iko wapi. Nimekua nikinusa oili ya mashine kwenye nguo za baba, na mpaka leo mwanamume asiyenuka oili namwona kama hajafanya kazi siku hiyo.

Kazi yetu kubwa ni shafti za mashine za kusagia. Chuma kipya hatununui, tunachukua ekseli za malori kwenye skrepa. Ekseli ya lori ina ngozi ngumu kuliko nyama yake, kwa hiyo kwanza tunailaza kwenye moto wa mkaa mpaka iwe nyekundu, halafu tunaifukia kwenye majivu ipoe yenyewe taratibu. Hata baada ya hapo ngozi inabaki na ukaidi. Fundi mwoga huanza na mkato mwembamba, eti anakihurumia kisu, kile chuma kidogo kinachokata huku kazi ikizunguka. Ncha ya kisu inasugua ile ngozi mwanzo mpaka mwisho, na ikifika mwisho imekufa.

"Usilambe," baba alikuwa akinifokea nilipokuwa najifunza. "Uma! Kisu kisipouma chuma kinajiuma chenyewe."

Nilikuwa nachukia kufokewa, na nilikuwa nachukia zaidi kwamba alisema kweli. Mkato wa kwanza lazima uzame chini ya ngozi, ufike kwenye nyama laini, hapo kisu kinapumua. Tukiwa na chuma cha milimita arobaini na tano tunachotaka kukifikisha arobaini, baba aliondoa mbili kwa mkupuo, halafu mbili nyingine, maganda ya chuma yakitoka yamejikunja na rangi ya chai isiyokolea. Yakigeuka bluu alipunguza mzunguko wa mashine, kwa sababu kisu chetu kinapoteza makali kikiiva. Hapo inabaki milimita moja. Hiyo moja ndiyo iliyokuwa ufundi wake. Aliigawa nusu kwa nusu. Nusu ya kwanza aliikata kama vile ndiyo ya mwisho, kwa kisu kilekile cha kumalizia na mwendo uleule wa polepole, kisha akapima. Alisema mikato miwili ya mwisho lazima iwe ndugu, kwa sababu mashine kuukuu inajipinda kidogo inapokata, na ukiikatisha sawasawa mara mbili itajipinda sawasawa mara mbili, na kipimo hakitakufanya mjinga.

Wengi hawafanyi hivyo. Wengi wanakata kwa pupa mpaka ibaki nywele moja, halafu wanataka kuisafisha ile nywele. Nywele moja haikatiki. Kisu kinateleza juu yake, kinaipaka joto, kinaacha mng'aro wa uongo. Nusu milimita ya unene, yaani robo kila upande, ndiyo kisu chetu kinayoweza kuishika na kuikata kweli.

Kisu cha kumalizia alikuwa nacho kimoja, alikinoa mwenyewe kwa jiwe la mkono, ncha yake ya mviringo, na alikitunza ndani ya kopo la mafuta ya mgando kikiwa kimefungwa kipande cha khanga ya mama. Hakuna aliyeruhusiwa kukigusa, hata mimi binti yake mwenye cheti cha ufundi.

Na mwisho wa yote ulikuwa ukucha. Maikromita inakwambia unene, haikwambii sura. Ukucha ukipita na usisikie kitu, kazi imekwisha. Kwa hiyo unaweza kuona ubaya ulipokuwa. Mkono uliokufa nao hausikii kitu. Kila shafti aliyoigusa baba baada ya kupata kiharusi ilikuwa laini kabisa kwake, laini kuliko alivyopata kukereza maishani mwake.

Kiharusi kilimpata wakati wa masika, akiwa amekaa kibarazani anavua viatu. Mguu wa kulia ulirudi nusu. Mkono wa kulia ulirudi wote kwa kutazama, uliweza kuzungusha gurudumu la mashine na kushika kikombe, lakini vidole vilibaki na ganzi. Daktari alimwambia aende kwenye mazoezi kila asubuhi. Alikwenda kila asubuhi, akatoka huko saa nne kuja karakanani, akiburuta ule mguu.

Watu walinisifu kwamba nimeacha kazi yangu kwenye kiwanda kingine nikarudi kumtunza baba. Ukweli ni kwamba mkataba wangu uliisha na hawakuuongeza. Niliwaacha wanisifu. Mwaka ule wote nilikuwa hivyo, nafanya kinachotakiwa na sisikii lolote. Nilimnyoa baba ndevu, nilimfunga vifungo vya shati, nilimsikiliza mama akilia jikoni, na ndani yangu palikuwa kimya. Sikuwa na huzuni. Ningekuwa na huzuni ningejua pa kuanzia. Kilichonitoka mara kwa mara ni hasira, na hiyo niliitoa kwa wateja.

Siku ya gunzi, mzee wa Kibuta alipokwisha kutukana alimwinamia baba na kusema, bado anacheka, "Mnyamwezi, huo mkono si umekufa? Sasa wewe umebaki unafanya nini?"

Nilishikilia ile shafti mlangoni, nikasubiri. Ni neno ambalo mimi mtoto nisingethubutu kulisema, mama asingethubutu, daktari mwenyewe alilizungukazunguka. Baba hakubadilika uso.

"Nimebaki nikuzike wewe kwanza," akasema. "Mzaramo hazikwi na Mzaramo mwenzake, wataanza kucheza ngoma wakusahau juani."

Wakacheka tena. Mzee akapewa kiti, akapewa chai, na mimi nikaahidi kwamba shafti mpya itakuwa tayari baada ya siku mbili. Baba hakusema kitu juu ya vile vilima. Niliona kwamba neno limesemwa na limepita kama utani, basi, nikashukuru.

Lakini vilima vilikuwa vimebaki. Nilikaa nalo jambo hilo kichwani nikilipima. Nikimwambia baba asikereze tena, nimemtoa duniani. Nisipomwambia, wateja watamtoa wao, mmoja mmoja, na bila utani. Nilijaribu njia ndogo kwanza. Nilimwambia, "Baba, ungejaribu kukagua kwa mkono wa kushoto, wa kulia umechoka."

"Mkono wa kushoto una kazi yake," akasema, "na kazi yenyewe haifanyiki mbele za watu."

Basi nikatunga uongo. Kama uongo wote mzuri, nusu yake ilikuwa kweli. Chuma kikitoka kukatwa kina joto, na chenye joto kimevimba, ukikipima hapo kinakudanganya. Nikamwambia kwamba kiwandani nilikotoka tulikuwa tunaacha kazi ipoe usiku kucha kabla ya mkato wa mwisho. "Tufanye hivyo," nikasema. "Wewe ukifika kwenye nusu milimita acha. Mimi nitamalizia asubuhi kikiwa baridi, wewe ukiwa mazoezini. Ukija saa nne utakagua."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi wa siku nzima. Baba alibishana na watu juu ya aina ya chumvi. Alinitazama kidogo, akafuta mikono kwa tambara.

"Sawa," akasema.

Akaenda kwenye kopo la mafuta ya mgando, akafungua kile kipande cha khanga, akaniwekea kisu chake mezani. Nilikichukua. Leo ningejiuliza kwa nini mtu mkaidi vile amekubali upesi vile. Siku ile niliona tu kwamba uongo umefanya kazi, nikaenda kununua mkaa.

Ndivyo tulivyoishi mwaka mzima na zaidi. Mchana baba anakereza, na alikuwa bado anakereza vizuri, kwa sababu mikato mizito inasikika kwa masikio. Kisu kikiwa na njaa kinapiga mluzi, kikishiba kinanguruma, na masikio yake yalikuwa mazima. Anafika kwenye arobaini na nusu, anasimamisha. Asubuhi mimi naja mapema, nafunga kisu cha kumalizia, naongeza mzunguko, napunguza mwendo wa kisu, natia oili kwa brashi, naondoa ile nusu. Nikimaliza napitisha ukucha wangu. Halafu nafuta shafti, naiweka juu ya gunia kando ya kigoda cha baba.

Saa nne anafika. Anakaa, ananyoosha ule mguu, anaichukua shafti na kuipitishia ukucha wake uliokufa, taratibu, kutoka ncha moja mpaka nyingine. Mimi nasimama naye, mikono nyuma, kama nilivyokuwa nasimama nilipokuwa mwanafunzi wake.

"Hapa pako sawa," anasema.

Sikuona aibu, wala huruma. Nilikuwa nasubiri amalize tu niende kumpigia mteja. Kuna siku nilitamani aseme pana kasoro, ili nipate la kukasirikia.

Asubuhi moja nilichelewa kwa sababu ya msiba wa jirani, nikamkuta baba ameshafika. Shafti ya jana yake ilikuwa bado haijamaliziwa, na kwa haraka zangu nilikuwa nimesahau kwamba niliilaza juu ya gunia jioni. Ilikuwa na mistari ambayo mtu angeiona toka ng'ambo ya barabara. Baba alikuwa ameishika. Akapitisha ukucha mwanzo mpaka mwisho.

"Hapa pako sawa," akasema. Akaigeuzageuza mapajani. "Lakini naona chuma hiki hakijapoa vizuri." Na badala ya kuiweka upande wa kazi zilizokwisha, akainuka kwa shida na kuirudisha kando ya mashine.

Nilidhani akili nayo imeanza kumtoka. Nilimpigia mama simu nikamwambia hivyo, tena kwa sauti kavu, kama ninayetoa taarifa ya umeme kukatika.

Mzee wa Kibuta alizidi kuja. Alileta shafti, alileta puli, wakati mwingine alileta mihogo tu na matusi. Alikaa na baba nje kwenye kivuli cha banda, wakinong'ona na kucheka, na nikitokeza kichwa wananyamaza. Wazee wawili wanaonyamaza msichana akitokea, nani anataka kujua walichokuwa wanasema? Nilirudi ndani.

Mwishoni akaagiza shafti kwa ajili ya mashine ya pili. Baba aliianza Ijumaa, Jumamosi jioni akaiacha imefungwa kwenye taya za mashine, tayari niimalizie Jumatatu. Jumapili mchana, akiwa nyumbani anamenya karanga na mama, kiharusi kikarudi. Hakikuacha kitu safari hii.

Hospitali walinipa kandambili zake kwenye mfuko wa plastiki. Nilizipokea, nikasaini, nikauliza choo kiko wapi. Nilipokuwa nanawa mikono nilikuwa nafikiria kwamba ile shafti ya Kibuta imebaki kwenye mashine na mvua ikinyesha kwa upepo itaingia kutu. Hilo ndilo nililolifikiria. Sijisifu wala sijilaumu, ndivyo ilivyokuwa.

Msiba ulikuwa nyumbani, turubai likafungwa kati ya banda la kuku na barabara. Ndugu walikuja kutoka Tabora na kutoka Janga, ambako shangazi ana shamba. Wanawake walilia, nami nilikuwa nagawa maji. Watu walinitazama jinsi wanavyomtazama binti asiyelia, na shangazi akaninong'oneza nilie hata kidogo, watu watasema. Nikamwambia waseme.

Siku ya kuzika, jeneza likiwa limetolewa nje tayari kubebwa, kukatokea mtu kutoka nyuma ya nyumba akiburuta mguu. Alikuwa amevaa ovaroli ya baba, ile ya bluu yenye kiraka gotini, na kofia ya baba. Kwa nukta moja nilidhani ni yeye. Kisha nikaona ni mzee wa Kibuta. Mtani amekuja kufanya kazi yake, kumwigiza marehemu ili wafiwa wacheke.

"Simameni hapo!" akawaambia vijana wa jeneza. Ilikuwa sauti ya baba kabisa, mpaka kile kikohozi. "Nani kamaliza kazi hii?" Akalikaribia jeneza kwa mguu wake wa kuburuta, akapitisha ukucha juu ya kifuniko, akatikisa kichwa. "Lina vilima! Rudisheni kwenye mashine!"

Turubai zima likaangua kicheko. Mama mwenyewe alicheka, machozi yakimtoka. Yule mzee akavuta benchi, akaifanya mashine. Akazungusha gurudumu ambalo halipo, akainamisha sikio, akanguruma kama kisu kilichoshiba. "Usilambe!" akafoka. "Uma!" Watu wakazidi kucheka, hata wasiojua maana yake. Halafu ghafla akasimamisha mashine yake, akanyoosha kidole.

"Hapa basi," akasema kwa sauti ya baba. "Hii iliyobaki si yangu. Hii nusu ni ya binti yangu."

Akanitazama. Nilikuwa nimeshika jagi la maji.

"Mkono wangu umekufa tangu lini," akaendelea, bado baba, "na yeye anadhani sijui. Anakuja alfajiri kama mwizi, anamalizia, ananiwekea kwenye gunia nikague. Nami nakagua! Nisipokagua atajua kwamba najua, na akijua atanionea haya, hataniwekea tena. Mwacheni hivyo hivyo. Kazi yake ni nzuri kuliko yangu, lakini msimwambie, atavimba kichwa kama chuma cha moto."

Wale waliokuwa karibu walicheka. Mimi nilikasirika. Nilimkasirikia marehemu, palepale, mbele ya jeneza lake, hasira kali niliyoisikia mpaka kwenye meno. Mwaka mzima! Mwaka mzima nimesimama mikono nyuma, namdanganya mzee, kumbe mzee naye amekaa kwenye kigoda ananidanganya mimi. Na ile asubuhi niliyochelewa, alivyoinuka kwa shida kuirudisha shafti kando ya mashine ili nisiaibike. Na mimi nikampigia mama simu kwamba akili zinamtoka.

Mzee wa Kibuta akaingiza mkono mfukoni mwa ovaroli, akatoa kifurushi kidogo cha khanga. Alikuwa amekwenda kukichukua karakanani kwa idhini ya mama. Mtani msibani lazima ateke kitu, na lazima wafiwa wakikomboe.

"Kisu hiki nimekiteka," akasema, sasa kwa sauti yake mwenyewe. "Sitaki kuku, sitaki khanga. Shafti yangu iko kwenye mashine, Mnyamwezi amekufa kabla haijaisha, ndivyo walivyo hawa, wanatua mzigo njiani. Binti, nakurudishia kisu. Nitakuja kuichukua shafti yangu siku ya arobaini. Nikikuta bado, nabeba mashine nzima naenda nayo Kibuta nikafugie kuku."

Akanipa kifurushi. Nikakipokea kwa mikono miwili. Wakalibeba jeneza, tukaenda kuzika, na sikulia.

Karakana sikuifungua kwa zaidi ya wiki tano. Nilipita mbele yake kila siku. Wateja walipiga simu, nikawaambia tuna msiba, ikafika mahali wakawa hawapigi. Mama aliniuliza nitaifunga moja kwa moja? Nikamjibu sijui, na sikuwa najua. Kuimalizia shafti ile kulimaanisha kwamba kazi ya baba imekwisha yote, hakuna kipande chake kilichobaki duniani kinachonisubiri. Kutoimalizia kulimaanisha itaota kutu, halafu hata hiyo nusu haitakuwepo. Lilikuwa jambo dogo. Nililibeba wiki tano.

Asubuhi ya arobaini nilikwenda mapema. Shafti ilikuwa palepale kwenye taya, na juu yake palikuwa pamepakwa oili nene, kila mahali. Baba aliipaka Jumamosi ile kabla hajafunga. Hatukuwa na kawaida ya kupaka oili kazi ya kumalizia Jumatatu. Labda alihisi, labda aliona mawingu, sitajua. Haikuwa na kutu hata chembe.

Nikaifuta. Nikapima kwa maikromita mahali patatu. Arobaini na nusu, arobaini na nusu, arobaini na nusu. Mtu mwenye vidole visivyosikia alikuwa ameniachia nusu milimita kamili, robo kila upande, kiasi ambacho kisu kinaweza kuuma.

Nilifunga kisu chake. Niliwasha mashine, nikatia oili, na kwa mara ya kwanza maishani mkono wangu ukaogopa. Nilitaka kuigawa ile nusu, nikate kidogo leo, nyingine kesho, nyingine kesho kutwa. Nilisogeza kisu kwa nywele moja tu. Kikagusa chuma na kuanza mluzi mwembamba, kinateleza, hakikati. Nilikuwa nalamba.

Nikakirudisha nyuma haraka. Nikavuta pumzi. Nikaweka kipimo chote, nikaacha kisu kiingie.

Mkato ule ulichukua dakika nne hivi. Hausimamishwi katikati, ukisimamisha unaacha pete kwenye kazi, kwa hiyo nilisimama nikautazama mpaka mwisho. Maganda yalitoka membamba, yamejikunja, yakajaza sinia la chini ya mashine. Kisu kilipotoka upande wa pili nikazima mashine, na banda likawa kimya. Nikapitisha ukucha. Sikusikia kitu. Nikapitisha tena, sasa kwa kuhofia kwamba labda mkono wangu nao umekufa.

Nikaifuta shafti, nikaiweka juu ya gunia kando ya kigoda. Sikufikiri, mikono ndiyo iliyofanya. Halafu nikasimama pembeni, mikono nyuma, nikatazama mlangoni.

Aliyeingia alikuwa mzee wa Kibuta, na kiroba chake begani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Hakunitania. Alikiona kigoda, aliiona shafti juu ya gunia, akaniona nilivyosimama. Hakukaa. Aliinama akaichukua akiwa wima, akaipitishia ukucha wake wa mkulima, mrefu na mweusi.

"Mwanangu," akasema, "baba yako angesema hapa pako sawa."

"Angesema hivyo hata lingekuwa gunzi," nikamwambia.

Tukacheka, yeye akishikilia meza. Nilicheka mpaka nikalazimika kukaa, na mahali pa kukaa palikuwa kigoda tu, na nilipokikalia kicheko kikageuka. Nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo, waliokuwa madukani wakaja kuchungulia. Yule mzee hakunibembeleza wala hakuwafukuza. Aliifunga shafti yake kwenye kiroba polepole, akasubiri nimalize, na tulipotoka pamoja kwenda nyumbani kwenye arobaini, saa nne ilikuwa imeshapita.